Arobaini ikiisha, kilio ndo kinapanda

Ilikua saa tisa na robo usiku, najua kwa sababu niliangalia simu, na binti yangu alikua analia toka saa sita. Sio kile kilio cha njaa ambacho akipewa ziwa kinakata. Hiki kilikua kingine kabisa, magoti ameyakunja mpaka tumboni, ngumi amezikaza, uso umemwiva, akivuta pumzi panakua na ukimya kidogo hivi unadhani kaisha alafu anaanza upya juu zaidi ya pale alipoachia. Mke wangu alikua kalala, au niseme kazimia kwa uchovu, maana ndo ulikua usiku wa nne wa hivo hivo. Umeme umekatika. Nilikua nimemshika kwapani kwa mikono miwili, vidole vyangu vinakutana mgongoni kwake, nikasikia mtu anasema "nyamaza basi!" na ile sauti ilikua yangu.

Mikono ikafuata sauti.

Mara moja tu, mbele na nyuma. Nilichokiona kwa mwanga wa tochi ya simu ni kwamba mwili wake ulikua umeshasimama mikononi mwangu lakini kichwa bado kinakuja. Kilichelewa. Kilienda nyuma peke yake kikarudi peke yake.

Alikua na wiki sita na siku tatu.

Nikamlaza katikati ya kitanda, chali, juu ya khanga, nikashusha neti, nikatoka nje mpaka kwenye tanki la maji la mwenye nyumba nikaegemeza paji la uso kwenye lile plastiki la baridi. Nikawa najiambia sijampiga. Sijampiga, sijampiga. Ndani alikua bado analia, na toka usiku uanze ile ndo mara ya kwanza nilikishukuru kile kilio.

Nilichomwambia daktari

Asubuhi tukampeleka kituo cha afya. Mke wangu alijua tu kwamba mtoto kalia usiku kucha. Daktari, kijana mpole, akauliza ana homa? Hana. Anaharisha? Hapana. Anatapika? Hapana. Ananyonya? Ananyonya. Ameanguka?

Hajaanguka, nikasema.

Na kweli alikua hajaanguka. Akamgusa tumbo, akaandika kwenye daftari kwamba ni chango, akatupa dawa ya gesi, tukarudi nyumbani. Mtoto akanyonya vizuri, akalala mchana, akacheka usingizini. Mimi nikaenda kazini nikakaa mbele ya kompyuta sikufanya kitu siku nzima.

Kilichonitafuna baadae sio usiku peke yake, ni lile jibu. Hakuna aliyeniuliza kama nilimtikisa na mimi sikusema, kwaiyo kwenye rekodi za nchi hii usiku ule uliandikwa chango. Nikaanza kujiuliza ni wangapi wameandikwa hivo.

Namba nilizozipata, na ile isiyokuwepo

Nilitaka kujua jambo hili, mtoto kuumia ubongo kwa kutikiswa, linatokea mara ngapi. Wiki kama tatu bando lote liliishia huko.

Walikohesabu vizuri, namba zinafanana kwa namna ya kushangaza. Scotland utafiti uliotoka mwaka 2000 ulikuta watoto karibu 25 kwa kila 100,000 walio chini ya mwaka mmoja, kila mwaka, wanafikishwa hospitali na ubongo ulioumizwa hivi. Jimbo la North Carolina kule Marekani, mwaka 2003, wakapata karibu 30 kwa 100,000. Katika wanaofikishwa hospitali karibu mmoja kati ya wanne anafariki, na wengi wanaobaki wanabaki na kitu: upofu, kifafa, mkono na mguu wa upande mmoja uliolegea, kuchelewa kuongea, shule kuwa ngumu.

Nikasema basi ni nadra. Nikapumua kidogo.

Alafu nikakutana na utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2004. Wale hawakwenda wodini, waliwaendea wazazi wa kawaida wa watoto wachanga wakawapa dodoso lisilo na jina, wakawauliza je, kwa sababu ya kilio, umewahi kumziba pumzi, kumpiga au kumtikisa mtoto wako? Walipofika miezi sita, wazazi karibu 6 kati ya kila 100 walikua wamefanya angalau kimoja angalau mara moja.

Sita kwa mia. Ukiigeuza kwa 100,000 ni karibu watoto elfu sita. Yaani kati ya wale 25 wanaoonekana hospitali na hawa maelfu waliokiri kwenye karatasi isiyo na jina kuna bahari, na humo baharini ndo nilipokua nimesimama mimi na tanki la maji.

Na kwetu je? Nilipiga hesabu yangu tu ya kalamu, sio takwimu ya mtu yeyote: Tanzania wanazaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka. Ukiazima ile 25 ya Scotland unapata watoto 500 kila mwaka. Tunao uchunguzi mkubwa wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009, uliokuta karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walipigwa au kuumizwa kabla ya kufika miaka 18, lakini waliohojiwa walikua wa miaka 13 hadi 24, wakisimulia wanachokumbuka. Mtoto wa wiki sita hakumbuki. Akikua hawezi kumwambia mtu wa dodoso kwamba baba alinishika kwapani.

Degedege

Hapa ndo nilikaa muda mrefu zaidi.

Fikiria mtoto wa miezi miwili ametikiswa kweli kweli, sio mara moja, na ubongo umevuja damu. Dalili zake ni zipi? Analegea, anasinzia kupita kiasi, anakataa ziwa, anatapika, alafu macho yanageuka juu na mwili unakakamaa. Sisi hiyo tunaiitaje?

Degedege.

Wazee wa pwani watakwambia dege limempitia, watamfukiza kinyesi cha tembo. Wa mjini watasema malaria imepanda kichwani. Na mara nyingi ni malaria kweli, au homa ya uti wa mgongo, au homa kali tu, sisemi kila degedege ni mkono wa mtu, Mungu anisamehe nisije nikamtia mama yeyote aliyefiwa na mtoto kwenye mashaka ya bure. Ninachosema ni kwamba tunalo neno tayari, neno la zamani lenye maelezo yake yaliyokamilika, na kitu kikishakua na jina hakuna anayeuliza tena. Picha ya CT ya kichwa ipo hospitali kubwa, inahitaji hela, inahitaji rufaa, na kabla ya yote inahitaji mtu wa kusema jana usiku kulitokea jambo.

Aliyeligundua hili mapema kule Uingereza, daktari wa upasuaji wa ubongo akiitwa Norman Guthkelch, alikua hospitali ya Hull na aliandika mwaka 1971. Aliona watoto wenye damu juu ya ubongo ambao nje hawana hata alama, na alieleza kwamba wazazi wa huko walikua wanaona kumtikisa mtoto ni afadhali, ni salama kuliko kumpiga. Mwaka uliofuata John Caffey, daktari wa picha za eksirei za watoto kule Marekani, akaandika na yeye onyo hilo hilo.

Niliposoma ile "afadhali kuliko kumpiga" nilifunga simu. Miaka zaidi ya 50 baadae, mimi kwenye tanki la maji, sijampiga sijampiga.

Hajakaza shingo

Sisi wenyewe tunasema, mshike vizuri huyo hajakaza shingo. Bibi yeyote anajua. Ila nilikua sijawahi kufikiria ina maana gani kwa ndani.

Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wake wote. Kikubwa, kizito, kwenye shingo ambayo misuli yake bado ni laini. Ubongo wenyewe ni mlaini kuliko wetu, una maji mengi, na umeunganishwa na mishipa midogo ya damu inayotoka juu ya ubongo kwenda kwenye utando wa fuvu. Ukitikisa, fuvu linaenda, ubongo unabaki nyuma, alafu unafika fuvu likiwa linarudi. Ile mishipa inakatika na damu inaenea juu ya ubongo. Nyuma ya jicho nako inavuja. Mtoto anaweza kuacha kupumua kwa muda, ubongo unakosa hewa, unavimba, na kuvimba huko ndo kunakoua au kuacha ulemavu. Sekunde chache zinatosha.

Nje unaweza usione kitu. Ngozi safi kabisa.

Watu wameniuliza kuhusu kumpakata ukimrusharusha magotini, kumbeba mgongoni kwenye bodaboda, barabara ya vumbi yenye mashimo. Kumchezesha magotini hakuleti hili, na mtikisiko wa barabara hauleti (ingawa kumpanda naye bodaboda ni hatari kwa sababu zake zingine na sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimembariki). Kinacholeta ni nguvu ya mtu mzima aliyepandwa na hasira. Ukimwona mtu anafanya hivo hutauliza kama anacheza.

Huyo mtu ni nani

Nilitaka awe mlevi. Au kichaa, au baba wa kambo asiye na roho, ili mimi nisiwemo.

Tafiti zinasema wengi ni wanaume, na baba mzazi ndo wa kwanza kwenye orodha. Na kinachotangulia mara nyingi ni kilio. Sio chuki wala mpango, ni kilio kisichonyamazishika na mtu aliyeishiwa.

Na kilio chenyewe kina ratiba. Daktari mmoja wa Boston, T. Berry Brazelton, mwaka 1962 aliwaomba mama waandike kila siku watoto wao wamelia kiasi gani. Kilio kinaanza kupanda wiki ya pili, kinafika juu kabisa karibu wiki ya sita, pale mtoto wa kawaida asiye na ugonjwa wowote analia kama saa mbili na dakika arobaini na tano kwa siku, alafu kinashuka polepole mpaka mwezi wa tatu, wa nne. Watoto wanaoumizwa kwa kutikiswa ukiwapanga kwa umri wanafuata umbo hilo hilo, kilele chao kinakuja wiki chache tu baada ya kilele cha kilio.

Nikasema hao ni watoto wa wazungu, wanalazwa peke yao kwenye vyumba vyao. Wetu tunawabeba. Kumbe kuna waliofikiria hivo kabla yangu wakaenda kuangalia Wasani wa jangwa la Kalahari, ambao mtoto hashuki mwilini mwa mama na ananyonya kila baada ya dakika chache. Walikuta wanalia kwa muda mfupi zaidi, hilo ni kweli na ni la kushukuru mbeleko. Lakini kile kilele cha wiki za mwanzo kipo pale pale.

Kwaiyo haikua chango, wala maziwa ya mke wangu, wala jicho la mtu. Alikua mtoto wa wiki sita.

Siku ya 40

Sasa piga hesabu na mimi, maana mimi hesabu hii niliifanya kwenye daladala nikapitiliza kituo.

Mtoto akizaliwa, kwetu mama anawekwa arobaini. Bibi anakuja, mashangazi wanakuja, mama anakandwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, mtoto anaogeshwa na mikono iliyoogesha watoto ishirini kabla yake. Akilia saa nane usiku anabebwa na bibi. Mimi siku zile nilikua nalala vizuri, nasema ukweli. Siku ya 40 inafika, tunanyoa nywele, tunakula, tunashukuru, na bibi anafunga mzigo wake. Mama mkwe alipanda basi la Tanga siku ya 41.

Siku 40 ni wiki tano na siku tano.

Kilele cha kilio ni wiki ya sita.

Ina maana tumejenga msaada mzuri kuliko wa wazungu wote, alafu tunaubomoa siku mbili tatu kabla ya kilio kufika juu. Zamani haikua shida kwa sababu bibi akimaliza arobaini anarudi nyumba ya pili, kilio anakisikia na anakuja. Sasa hivi anarudi Tanga.

Sheria yetu ya ajira inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi. Baba siku 3. Siku zangu 3 ziliishia kwenye kukimbizana na bili ya hospitali na kununua beseni.

Na siku ya 42 tulikua kliniki. Chanjo za wiki ya sita, hizo hizo wanazochomwa watoto wote. Mama kama arobaini tumepanga foleni kwenye mabenchi, watoto wote wa umri mmoja, wote wakiwa kwenye kilele, na tukapewa somo la neti na somo la kunyonyesha miezi sita bila kuchanganya, masomo mazuri. Kuhusu kilio hakuna aliyesema neno. Siku tatu baadae ndo ule usiku.

Mwache alie

Wiki ya kumi nikaomba ruhusa kazini nikampeleka mwenyewe kliniki. Mke wangu nilikua nimeshamwambia, juzi yake, jikoni, na hakusema kitu kwa muda mrefu sana. Akaacha kukoroga, akamchukua mtoto, akakaa naye chumbani. Baadae akaja akasema, "Hata mimi siku moja nilimtupa kitandani. Sikumweka. Nilimtupa." Tukakaa hivo.

Kliniki nikasubiri foleni iishe nikamwambia nesi, mama wa makamo, "Shikamoo sista, kuna kitu sikukisema." Nikaeleza. Nilidhani atapiga kelele. Alimchukua mtoto, akamvua kofia, akapitisha kiganja kwenye utosi polepole, akapima mzunguko wa kichwa kwa utepe akalinganisha na kipimo cha siku ya kuzaliwa kwenye kadi, akamwangalia macho yanavyofuata mwanga. Alafu akasema nitakuandikia rufaa waangalie kichwa, na wataniuliza na watakuuliza na wewe, utasema kama ulivosema hapa. Tukaenda. Wakampiga picha ya ultrasaundi kupitia utosini. Hapakua na damu. Afisa ustawi wa jamii akaongea na sisi pamoja, kisha mmoja mmoja, na akaja nyumbani mara moja. Nilikua nimeogopa sehemu hiyo kuliko zote na ilikua ni mtu amekaa kwenye kiti cha plastiki anauliza nani anawasaidia usiku.

Ila kabla hatujatoka kliniki yule nesi alinishika mkono. "Baba, akilia na umeshamwangalia, ameshiba, mkavu, hana homa, mweke chini. Toka. Kulia hakutamuua. Nenda kanywe maji, ukitulia rudi."

Mweke chini, toka.

Ukiisoma hii kwa Kiingereza ni ushauri mwepesi. Kwetu sio mwepesi hata kidogo na lazima tuseme ukweli hapa. Ninaishi nyumba ya kupanga, vyumba sita, ukuta mmoja. Mtoto akilia dakika tano mtu anagonga, vipi huyo mtoto, mbona mnamwacha alie? Mama anayemlaza mtoto analia akatoka nje anaonekana hana huruma. Kwaiyo mtu anabaki na mtoto mikononi kwa sababu ya aibu, na mikononi ndo mahali pa hatari. Mimi ningemlaza saa nane usiku ule, nilifikiria, nikasema majirani watasema nini.

Wala simlaumu jirani. Yule anayegonga ndo mtu huyo huyo anayeweza kusema "nipe nikushikie". Baada ya haya yote nilienda kwa mama wa chumba cha mbele nikamwambia, mama, ukisikia analia sana usiku usiulize kwanini, gonga umchukue nusu saa. Akacheka akasema nilikua nasikia kila siku nikiogopa nitaonekana nawaingilia.

Niorodheshe tunachofanya sasa, kwa mwenye kuhitaji usiku wa leo. Kwanza tunamkagua: ziwa, nepi, joto, nguo inayombana, na vidole vya miguu, maana unywele au uzi wa soksi unaweza kujisokota kwenye kidole ukakibana na yeye hana namna ya kusema. Homa kwa mtoto chini ya miezi mitatu ni hospitali saa hiyo hiyo, sio kesho. Kama hakuna kitu, tunambeba kifuani, tunatembea, mbeleko, kelele ya redio iliyokosa stesheni. Ikishindikana na ukasikia taya zinakaza, anawekwa chali kwenye godoro gumu, hakuna mto wala blanketi karibu na uso, neti inashushwa, na unatoka. Dakika kumi. Kumwamsha mwenzio sio kushindwa.

Na hili lipelekeni kwa dada wa kazi. Mama akimaliza siku 84 zake anarudi ofisini na mtoto wa miezi mitatu anaachiwa binti wa miaka 16 aliyetoka kijijini mwezi uliopita, peke yake, masaa kumi, na amri aliyopewa ni moja tu, mtoto asilie. Huyu nani amemwambia kwamba anaruhusiwa kumlaza? Mwambie wewe, mbele ya mwenzio, na mwambie hutamfokea.

Karatasi peke yake

Nilipofika hapa nilitaka kuandika kwamba dawa ni elimu na kufunga. Lakini sio rahisi hivo.

Magharibi mwa jimbo la New York walianza kuwafundisha wazazi wodini kabla hawajaruhusiwa, kipeperushi, video, na karatasi ya kusaini kwamba nimeelewa. Mwaka 2005 wakatangaza kwamba matukio yameshuka karibu nusu, kutoka 41.5 mpaka 22.2 kwa watoto 100,000 wanaozaliwa. Kila mtu akafurahi. Pennsylvania wakachukua mpango huo jimbo zima, na mwaka 2017 matokeo yalipotoka wazazi walisema wamejifunza, ila idadi ya watoto waliolazwa haikushuka. Hilo lilinisumbua siku kadhaa. Kanada, jimbo la British Columbia, walipata upungufu wa zaidi ya theluthi, na huko manesi walikua wanarudia somo hospitali na tena wanapomtembelea mama nyumbani baada ya kujifungua, na mtaani nako linasemwa.

Alafu kuna California. Walianzisha likizo ya familia yenye malipo mwaka 2004, sheria ambayo haikuandikwa kwa ajili ya jambo hili kabisa, na watafiti wakakuta kulazwa kwa watoto walioumizwa kichwa hivi kumepungua kulinganisha na majimbo yasiyokua nayo. Na uchumi ulipoanguka Marekani kuanzia mwisho wa 2007, baadhi ya maeneo matukio yalipanda.

Mimi naamini somo la kilio lazima liwepo, na lisemwe pale pale kwenye benchi la chanjo ya wiki ya sita, dakika tano hazikosekani. Lakini usiku ule nilikua nimeshajua kwamba mtoto hatikiswi. Nilijua. Nilichokosa ni mtu wa kumpokea.

Neno kwa tahadhari

Damu kwenye ubongo wa mtoto ina sababu nyingine pia. Kuanguka, upungufu wa vitamini K kwa wachanga, maambukizi, magonjwa ya damu. Guthkelch mwenyewe, uzeeni, alisikitika kuona watu wanafungwa kwa dalili peke yake bila kutafutwa sababu nyingine. Robert Roberson, baba wa Texas aliyehukumiwa kifo mwaka 2003 kwa binti yake wa miaka miwili, alisimamishiwa adhabu hiyo tarehe 17 Oktoba 2024, siku yenyewe iliyopangwa, na wanaomtetea wanasema mtoto alikua mgonjwa. Sisi wenye tabia ya kumnyooshea kidole mama au dada wa kazi kabla hata daktari hajasema, tuende taratibu. Nikisema tuhesabu sisemi tuwinde.

Ila mtoto akilegea, akasinzia asiamke vizuri, akakataa ziwa, akatapika bila kuharisha, utosi ukatuna, akapata degedege, kimbia hospitali, na kama alitikiswa sema. Wanampima tofauti wakijua. Na ukiona mtoto wa mtu anaumizwa, namba ya 116 ni bure.

Juzi

Mdogo wangu yuko Dodoma, mke wake amejifungua mtoto wa kiume, wa kwanza. Mama yetu mzazi yuko kule toka wiki ya kwanza. Juzi Jumapili nimempigia, mtoto ana siku 36, akaniambia kijana ameanza makelele ya usiku lakini bibi anamudu.

Nikamuuliza mama anaondoka lini.

"Ijumaa. Tunamaliza arobaini Alhamisi."

Nikamwambia nipe mama. Mama akaja kwenye simu, nikamsalimia, nikamwomba abaki wiki nne zaidi, kuku wake kule Tabora nitamlipa mtu awaangalie. Akauliza kuna nini mwanangu. Nilikua sijamwambia. Nikamwambia yote, mpaka lile la kichwa kuchelewa.

Alinyamaza, alafu akasema wewe ulilia miezi mitatu, na baba yako alikua akitoka usiku anaenda kukaa kwenye gogo nyuma ya nyumba, na majirani walimsema sana kwamba hapendi mtoto.

"Mpe simu mdogo wako," akasema, "umwambie na yeye. Mimi nabaki."